Nani Anadaiwa Ajira? Hoja Dhidi ya Mahubiri ya Kujiajiri katika Uwanda wa Ufipa

Katika mahafali ya vyuo vingi vya Tanzania, vya Sumbawanga vikiwemo, wahitimu husikia hotuba moja kabla hata hawajakabidhiwa vyeti: kwamba Serikali haiwezi kuajiri kila mtu, kwamba zama za kuzunguka na bahasha ya kaki kwapani zimekwisha, kwamba kijana aliyesoma aache kuchagua kazi, abadili mtazamo na ajiajiri. Maneno hayo hutoka kwa mgeni rasmi, hukaziwa na uongozi wa chuo, hurudiwa redioni na kwenye nyumba za ibada, na mwishowe mzazi aliyefunga safari kutoka kijijini kuja kumwona mwanawe akivaa joho huyabeba hadi nyumbani na kuyasema kana kwamba ni yake. Kujiajiri, kwa maana inayokusudiwa katika hotuba hizo, ni mtu kujitafutia kipato kwa mtaji wake, nguvu zake na hatari zake mwenyewe, bila mwajiri anayelipa mshahara, anayechangia mfuko wa hifadhi ya jamii au anayefungwa na mkataba. Makala haya hayabishani na biashara wala kilimo, ambavyo vimewalisha watu wa Rukwa vizazi kwa vizazi; yanabishana na desturi ya kuvigeuza kuwa jibu la swali la ajira kwa waliosomeshwa taaluma, kwa sababu desturi hiyo humbebesha kijana wa miaka 24 deni ambalo wadaiwa wake halisi wanajulikana.

Uwanda wa Ufipa, ulioinuka kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki, haukustahili kuhubiriwa kujiajiri hata kidogo, kwani sehemu kubwa ya watu wazima wanaoishi huko wamejiajiri tangu walipoanza kushika jembe. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.5 katika mkoa wa Rukwa, kutoka watu milioni moja na kidogo mwaka 2012, na wengi wao huishi kwa mahindi, maharage, alizeti, ulezi na ngano. Mkulima wa Laela, Matai au Namanyere hana mwajiri, hana likizo, hana pensheni, hununua mbolea kwa fedha yake na hubeba peke yake hasara ya mvua na hasara ya bei. Anakujua kujiajiri kuliko mgeni rasmi yeyote, na ni kwa sababu anakujua hivyo ndipo alipouza magunia mwaka baada ya mwaka ili walau mtoto mmoja wa nyumba hiyo apate mshahara unaoingia mwisho wa mwezi. Mshahara huo haumlishi mtu mmoja: hulipa michango ya shule ya wadogo zake, hununua mbolea ya msimu unaofuata na humpeleka bibi hospitali. Mtoto huyo anaporudi na shahada na kuambiwa ajiajiri, familia nzima inarudishwa pale ilipoanzia, ikiwa imepungukiwa na magunia ya miaka yote ya masomo na ikiwa na deni la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu juu yake.

Mtetezi wa ushauri huu atajibu kwamba mhitimu harudi kama alivyoondoka, kwamba sasa ana maarifa, na kwamba maarifa ndiyo yatakayolifanya shamba la baba yake lizae zaidi. Jibu hilo lingekuwa na uzito kama vyuo vingekuwa vimemfundisha kulima. Sehemu kubwa ya vijana wa Rukwa wanaofika vyuoni husomea ualimu, uuguzi, utabibu, maabara, uhasibu, ustawi wa jamii na utawala, yaani taaluma ambazo kwa asili yake hutendeka ndani ya taasisi. Mwalimu wa fizikia anahitaji shule yenye wanafunzi, maabara na mwalimu mwenzake wa hisabati. Muuguzi anahitaji wodi, daktari, dawa na zamu. Mteknolojia wa maabara anahitaji mashine ambayo bei yake haiwezi kutolewa na ukoo mzima. Sheria nayo imeliona jambo hilo vizuri kuliko washauri, maana muuguzi mwenye leseni hawezi kufungua zahanati kwa leseni hiyo peke yake, bila majengo, usajili na wataalamu wengine wanaotakiwa. Kumwambia mtu wa namna hiyo ajiajiri ni kumwambia aiache taaluma aliyoisomea, na ingekuwa uungwana kusema hivyo waziwazi, kisha kueleza kwa nini nchi ilitumia fedha kumfundisha kitu ambacho sasa anashauriwa akisahau.

Inasemwa pia, na mara nyingi zaidi kuliko inavyofikiriwa, kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ikitamkwa Ufipa inakutana na ushahidi unaoipinga. Uwanda huu ni miongoni mwa maeneo mashuhuri ya uyeyushaji wa chuma katika Afrika Mashariki. Matanuri marefu ya udongo, yanayojulikana kama malungu, yalipita kimo cha mtu na yaliwaka bila mivukuto, hewa ikivutwa na joto lenyewe kupitia matundu ya chini. Kilichopatikana humo kilisafishwa tena katika tanuri dogo lenye mivukuto kabla mhunzi hajakifua kuwa jembe, shoka au mkuki. Jembe hilo lilikwenda kulima ntumba, yaani vilima vya mviringo ambavyo ndani yake nyasi hufukiwa zioze na kuwa mbolea, mtindo wa kilimo ulioelezwa na mwanaanthropolojia Roy Willis katika maandishi yake juu ya Wafipa. Mtu anayepindua nyasi na udongo kwa pamoja, siku nzima, hawezi kutojali jembe alilonalo, kwa kuwa jembe baya humpotezea msimu. Mkulima wa Ufipa alichagua jembe, na ndiyo maana alikuwa mkulima.

Historia ya malungu ina somo jingine linalowahusu moja kwa moja wanaohubiri ubunifu wa mtu mmoja mmoja. Lungu halikuwa kazi ya mtu peke yake. Lilitaka wachimba mawe ya chuma, wakata miti ya makaa, wafinyanzi wa tanuri, wanagenzi, fundi mkuu aliyezijua dawa na miiko ya kazi, na watu wa kuwalisha wote hao kwa siku za kazi. Lilitaka pia wanunuzi walio karibu na utawala uliolinda njia za biashara. Kwa maneno mengine, ilikuwa taasisi yenye mgawanyo wa kazi na urithi wa ujuzi. Lilipozimika katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, halikuzimwa na uvivu wala na mtazamo hasi wa mafundi wake, bali na majembe ya kiwandani yaliyoletwa kwa bei ambayo tanuri la udongo lisingeweza kushindana nayo. Mafundi hao walikuwa na kila sifa inayotajwa leo kwenye semina za ujasiriamali, na zote hazikuwaokoa.

Baada ya hapo Ufipa ulipewa ushauri wa kuondoka. Utawala wa kikoloni uliwadai watu kodi ya fedha taslimu huku ukiwapa njia chache za kupata fedha hiyo walipo, na vijana wakafuata mishahara katika machimbo ya dhahabu ya Lupa kule Chunya, katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na katika mashamba ya mkonge ya Tanga, ambako waliitwa manamba. Wenye mashamba ya mkonge walianzisha hata ofisi yao ya kukusanya vibarua kutoka mikoa ya mbali, SILABU, mwaka 1944. Anayemwambia mhitimu wa leo wa Sumbawanga apande basi akajaribu bahati Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka nyumbani, akae kwa ndugu na kuzunguka maofisini, anaurudia ushauri wa zama za manamba, tofauti ikiwa kwamba manamba aliondoka kijijini akiwa na mwajiri anayemsubiri.

Kilichokuja baada ya Uhuru kilikuwa tofauti, na washauri wa siku hizi huzungumza kana kwamba hakikuwahi kuwepo. Mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, ulioanza mwaka 1964, uliweka lengo la nchi kujitosheleza kwa wataalamu ifikapo mwaka 1980, na kwa lengo hilo idadi ya wanafunzi katika kila fani ilihusianishwa na nafasi zilizotarajiwa kuwepo. Mhitimu wa wakati huo alipangiwa kituo. Mfumo huo ulikuwa na kasoro zake, ikiwemo kumnyima mtu uhuru wa kuamua aende wapi, na hakuna sababu ya kuutamani kama ulivyokuwa. Lakini ulikubali jambo la msingi, kwamba anayepanga idadi ya wanaosomeshwa ana wajibu fulani kuhusu wapi watafanya kazi. Marekebisho ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990 yalibana ajira za umma na kuuvunja uhusiano huo, kisha vyuo vikaongezeka, Bodi ya Mikopo ikaanza kazi mwaka 2005, Chuo Kikuu cha Dodoma kikafunguliwa mwaka 2007, na wahitimu wakaongezeka kwa kasi bila mtu yeyote kupewa jukumu la kujibu swali la wapi wataajiriwa. Hotuba ya kujiajiri ilizaliwa katika pengo hilo. Kazi yake imekuwa kulifunika.

Sehemu hii ya hoja inastahili kukaziwa, kwa sababu ndiyo inayoonyesha udhaifu wa dai kwamba kazi hazipo. Rukwa imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa mikoa yenye upungufu mkubwa wa walimu, na elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 na kuleta maelfu ya watoto wapya shuleni, upungufu huo ulizidi kuonekana. Kiwango kilichokubalika kitaifa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 wa shule ya msingi. Anayezijua shule za vijijini za Kalambo, Nkasi na bonde la Rukwa anajua darasa linavyokuwa pale kiwango hicho kinapobaki kwenye karatasi. Zahanati zenye mhudumu mmoja au wawili kwa vijiji kadhaa si jambo la ajabu huko. Wakati huohuo, katika mitaa ya Chanji, Katandala na Izia mjini Sumbawanga, wamo walimu na wauguzi waliofuzu ambao wanauza vocha au wanaendesha bodaboda. Kazi ipo, na mtu aliyefundishwa kuifanya yupo. Kinachokosekana kati yao ni kibali.

Kibali hicho kinahitaji kuelezwa, kwa kuwa wahitimu wengi humaliza chuo bila kukisikia. Kila taasisi ya umma ina ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zinazoruhusiwa pamoja na idadi ya watu wanaotakiwa katika kila nafasi. Halmashauri ikiwa na upungufu, huomba; bajeti ya mishahara hupitishwa; ofisi inayosimamia utumishi wa umma hutoa kibali cha kuajiri; ndipo tangazo hutolewa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Mnyororo huo ukikatika popote, darasa la Kalambo hubaki bila mwalimu hata kama walimu mia moja wamejaa mjini. Ulikatika kwa kishindo mwezi Juni 2016, Serikali iliposimamisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi hewa, na uhakiki wa vyeti uliofuata uliwaondoa kazini mwaka 2017 watumishi zaidi ya 9,900 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Huenda uhakiki huo ulikuwa wa lazima. Lakini waliohitimu ualimu katika miaka hiyo hawakughushi chochote, na wengi wao walichukua fani hiyo kwa kuwa mikopo ya elimu ya juu ilitolewa kwa kuwapa kipaumbele wanaosomea ualimu na afya. Serikali iliwaelekeza huko kwa fedha zake. Mwaka 2025 walimu wasio na ajira, baadhi yao wakiwa wamehitimu miaka kumi nyuma, walijiunga katika umoja waliouita NETO ili wasikilizwe, na hao ndio watu ambao bado wanaambiwa kwamba tatizo lao ni mtazamo.

Wapo wanaoleta takwimu za waombaji kama ushahidi wa upande wao. Mwaka 2014 Idara ya Uhamiaji ililazimika kufanyia usaili Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam, kwa kuwa watu zaidi ya 10,000 walikuwa wanawania nafasi 70. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilipokea maombi zaidi ya 135,000 kwa nafasi 1,596, yaani zaidi ya watu 80 kwa kila nafasi. Inasemwa kwamba umati huo unaonyesha jinsi vijana walivyong'ang'ania ajira za Serikali. Takwimu hizo kwa kweli zinaubomoa ushauri wenyewe, kwa kuwa zinaonyesha kwamba hakuna namna ya kuandika wasifu, kuvaa tai au kujibu maswali kwa kujiamini inayoweza kuzigeuza nafasi 70 kuwa 700. Ushauri unaomsaidia mwombaji mmoja kumpita mwenzake haupunguzi hata kwa mtu mmoja idadi ya watakaorudi nyumbani mikono mitupu. Kosa la kufikiri hapa ni lile la kudhani kwamba kinachomfaa mmoja kitawafaa wote wakikifanya kwa pamoja, na kosa hilohilo limo katika kujiajiri: wakala wa kwanza wa huduma za fedha katika mtaa wa Mazwi alipata wateja, na wa kumi na tano amewagawa wateja walewale.

Kuhusu mtaji, jibu linalotolewa kila mara ni kwamba mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Nguvu hazinunui mbolea. Ardhi ya vijijini hupatikana hasa kupitia ukoo, na idadi ya watu ikiongezeka kwa nusu katika miaka kumi, sehemu ya kila mtoto hupungua. Migogoro ya ardhi katika uwanda wa Malonje, karibu kabisa na Sumbawanga, inajulikana kwa kila anayefuatilia habari za mkoa. Kwa mhitimu wa kike hali ni ngumu zaidi, kwani katika nyumba nyingi shamba huhesabiwa kuwa la watoto wa kiume, na mshauri anayemwambia ajiajiri katika kilimo hajajiuliza atalima wapi. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayogawiwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ni jambo jema, ila hutolewa hasa kwa vikundi, fungu lake hutegemea utajiri wa halmashauri husika, na mwaka 2023 ilisitishwa nchi nzima kwa zaidi ya mwaka ili utaratibu wake urekebishwe. Hata programu ya Wizara ya Kilimo iliyozinduliwa mwaka 2023 kuwaingiza vijana katika kilimo, maarufu kama BBT, ilianza kwa Serikali kusafisha mashamba makubwa ya pamoja mkoani Dodoma na kupanga umwagiliaji, jambo linaloonyesha kwamba Serikali yenyewe, inapolichukulia suala hili kwa uzito, haiamini kwamba nguvu za kijana zinatosha.

Kisha kuna soko. Mwezi Juni 2017 usafirishaji wa mahindi ghafi nje ya nchi ulizuiwa, na katika mikoa ya nyanda za juu kusini, Rukwa ikiwemo, bei ikaporomoka huku maghala ya wakulima yakiwa yamejaa. Zuio liliondolewa baadaye, lakini aliyekuwa amekopa kwa ajili ya msimu ule hakurudishiwa hasara yake. Kijana aliyekuwa ameufuata ushauri, akalima ekari kumi za mahindi kwa fedha ya kuazima, alifilisika kwa amri ya siku moja ambayo nia njema, nidhamu na ubunifu wake havikuwa na uwezo wowote juu yake. Inasikitisha kwamba mtu kama huyo, akisimulia yaliyompata, huulizwa kwa nini hakulima zao jingine.

Ushauri wa kujitolea una madhara yake ya pekee. Mhitimu huambiwa aende shuleni au hospitalini afanye kazi bila malipo ili apate uzoefu na ajulikane, na wengi hufanya hivyo kwa moyo mmoja, wakibeba vipindi vingi kama mwalimu wa mshahara huku wakilipwa posho ndogo inayotokana na michango ya wazazi, au bila kulipwa kabisa. Uzoefu wanaoupata ni wa kweli. Lakini darasa linalofundishwa na anayejitolea huacha kuonekana kama darasa lisilo na mwalimu, na haraka ya kuomba kibali hupungua. Hivyo kila mwaka wa kujitolea unaweza kuwa unaisogeza mbali ajira ileile anayoisubiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Mhitimu anayejitolea naye apewe barua inayotaja muda, majukumu na jina la msimamizi, na inayomwahidi hati ya utumishi muda utakapokwisha. Anayekataa kuiandika barua hiyo hatafuti mtu wa kumlea, anatafuta nguvu kazi ya bure.

Je, mhitimu asishauriwe chochote? Ashauriwe, tena kwa undani, juu ya mambo yaliyo mikononi mwake kweli, ambayo ni madogo, ya kiofisi na yasiyopendeza kuhutubiwa. Maombi ya ajira za Serikali hupita katika mfumo wa kielektroniki unaotaka namba ya kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya masomo vilivyothibitishwa na wakili, na barua ya maombi iliyosainiwa. Katika steshenari yoyote ya mjini Sumbawanga, siku mbili kabla ya tangazo kufungwa, hupangwa foleni ya vijana ambao vyeti vyao vinaskaniwa kwa mara ya kwanza. Anwani ya barua pepe imefunguliwa na mhudumu wa steshenari, nywila imeandikwa nyuma ya daftari lake, na mwenye anwani hataweza kuingia tena siku akiitwa kwenye usaili. Jina nalo huwa tatizo. Katika eneo ambalo Ukatoliki uliingia tangu miaka ya 1880 na cheti cha ubatizo kikatangulia vyeti vingine vyote, jina moja huandikwa Gaudensi hapa na Gaudence pale, ukoo ukatajwa katika cheti kimoja na kuachwa katika kingine, na mtu mmoja akaonekana katika mfumo kama watu wawili. Kiapo cha kurekebisha majina huchukua muda, na muda huo upo katika mwaka wa kwanza wa chuo, ambao hakuna anayeutumia kwa kazi hiyo.

Mhitimu aelezwe pia kwamba usaili wa umma huanza na mchujo wa maandishi; kwamba maswali mengi hutokana na majukumu yaliyoandikwa ndani ya tangazo lenyewe; kwamba aliyefaulu akakosa nafasi huweza kuhifadhiwa kwenye kanzidata na kupangiwa kituo baadaye bila kuitwa tena, hivyo asibadili namba ya simu ovyo; na kwamba kuomba hakulipiwi, kwa hiyo anayedai fedha ili amfanyie mpango ni mwizi, hata akiwa ndugu. Chuo kinaweza kuyafundisha haya yote kwa wiki moja.

Hata hivyo ushauri huo mzuri unagonga ukuta mahali fulani, na ni wajibu wa mshauri kusema ukuta uko wapi. Mahindi ya Ufipa huvunwa kuanzia mwezi Mei, na bei huwa ya chini kabisa wakati wa mavuno, walanguzi wanapozunguka vijijini wakinunua kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo chake, kisha bei hupanda mahindi yanapoadimika kuelekea Januari na Februari. Mwito wa usaili Dodoma, safari ya karibu kilomita 900 kupitia Tunduma, Mbeya na Iringa, ukifika mwezi Juni, familia hulazimika kuuza magunia kwa bei ya hasara ili kupata nauli, chakula na malazi ya siku kadhaa kwa ajili ya mtihani wa saa moja au mbili. Mwenzake anayeishi Dodoma hupanda daladala. Katika miaka ya karibuni baadhi ya usaili, ukiwemo wa walimu, umefanyika mikoani, na hatua hiyo moja ya kiutawala iliwapunguzia wahitimu wa Rukwa gharama ambayo semina elfu za kujiamini zisingeweza kuipunguza.

Serikali haiwezi kuajiri kila mtu. Hilo ni kweli, na ndilo neno la mwisho ambalo watetezi wa kujiajiri hukimbilia. Haifuati kwamba kila mmoja ajitegemee peke yake, kwa kuwa kati ya Serikali na mtu mmoja kuna waajiri ambao Ufipa umenyimwa: viwanda vya kusaga na kufungasha, vya kukamua alizeti, vya mbegu na vya chakula cha mifugo, vyama vya ushirika vyenye wahasibu na maofisa ugani wa kudumu, maghala yenye wapima ubora wanaolipwa mwaka mzima. Leo sehemu kubwa ya mahindi ya uwanda huu huondoka yakiwa punje, kwa lori kupitia Tunduma au kwa boti kutoka Kasanga na Kabwe kuelekea Kongo na Burundi, na mshahara wa mkemia, fundi mitambo, mhasibu na msimamizi wa kiwanda hulipwa kule yanakosagwa. Uwepo wa ndaki ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya mkoani Rukwa, pamoja na chuo cha VETA, utaongeza mafundi na wataalamu hapohapo. Wasipopata kiwanda cha kufanyia kazi, nao watahutubiwa.

Kwa hiyo mahafali yajayo yabadilishiwe ajenda. Mkoa wa Rukwa una halmashauri nne, yaani Manispaa ya Sumbawanga na halmashauri za wilaya za Sumbawanga, Nkasi na Kalambo, na kila moja ina ikama yake. Mgeni rasmi aje na ukurasa mmoja unaoonyesha, kwa kila halmashauri, walimu, wauguzi, matabibu na maofisa ugani wangapi wanatakiwa, wangapi wapo, kibali cha kujaza pengo kiliombwa mwezi gani na kilijibiwa nini. Mkuu wa chuo asome idadi ya wahitimu wa miaka mitatu iliyopita walioajiriwa katika fani walizosomea, na kama haijui, aeleze kwa nini chuo kinaendelea kudahili bila kuijua. Wazazi watauliza maswali yao baada ya hapo. Wamesubiri kwa miaka mingi, na nauli ya kuja wamelipa wenyewe.